Mama Amesafiri

Shule nzima ilimwita Profesa. Jina alipewa na mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, siku ile Profesa aliporudi kutoka chuoni na cheti chake cha elimu ya awali. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha chekechea kwa uzoefu tu, kwa nyimbo na chaki na kupangusa makamasi. Kisha akaenda kusoma, likizo baada ya likizo, akarudi mtu mwingine. Alibandua picha za wanyama zilizokuwa zimepauka kwa jua, akabandika chati kubwa aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Ilionyesha hatua za ukuaji wa akili ya mtoto tangu kuzaliwa, kila hatua na sanduku lake, kila sanduku na miaka yake.

"Haya, Profesa," mwalimu mkuu alimwambia akiwa mbele ya chati, mikono kiunoni. "Na mimi niko sanduku gani?"

"La mwisho, mama."

"Mh! Kuna siku najiona bado niko lile la pili."

Wakacheka. Lakini la haki lisemwe: darasa lilibadilika. Watoto waliokuwa wakikaa mistari minne wakiimba herufi kama kasuku sasa walikuwa na kona ya kujengea na vipande vya mbao, kona ya vitabu, na kona ya nyumba yenye sufuria za plastiki, kitanda cha boksi na mdoli mmoja asiye na mkono. Profesa aliacha kumwita mwongo mtoto aliyesema jua linamfuata hadi kwao. Alijua sasa kwamba mtoto wa umri ule huiona dunia kutoka pale aliposimama yeye, na huamini kila kitu kina macho na nia. Kila siku aliandika aliyoyaona kwenye daftari la jalada gumu, tarehe juu, herufi ya kwanza ya jina la mtoto pembeni.

Wazazi nao wakaanza kumjia. Mbona wangu anaongea na viatu? Mbona wangu anasema mwezi umekasirika? Profesa alikuwa na jibu la kila mmoja, na walipoondoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika, alijisikia mrefu. Kuulizwa kuna utamu wake.

Miongoni mwa watoto ishirini na watatu wa mwaka ule alikuwapo msichana wa miaka mitano aliyeitwa Nukta. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba baba yake alisema amepewa nukta, sentensi bado haijaja. Jina likaganda. Nukta hakuwa na kimo lakini alikuwa na sauti. Alisimulia, aliuliza, aliimba, alibishana na ukuta. Mama yake, msusi mwenye saluni mitaa miwili kutoka shuleni, alimleta kila asubuhi kitana kikiwa tayari kimechomekwa nyweleni.

"Mwalimu, mpokee huyu mtu wako," alikuwa akisema getini, kicheko mdomoni. "Kelele zake zitaniua mimi, wallahi. Nitakufa na mapema."

Profesa alicheka, mlinzi alicheka, na Nukta alicheka kuliko wote, akaingia ndani mbio.

Katikati ya muhula wa pili msusi yule aliumwa kichwa. Ilikuwa Alhamisi, akiwa amesimama nyuma ya mteja. Aliomba kiti, akakaa, akaanguka. Jumamosi asubuhi akafariki hospitali bila kufumbua macho. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa.

Jumatatu, kengele haijalia, Baba Nukta alikuwa amesimama mlangoni pa darasa. Alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache, vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu. Shati alilivaa ndani nje na hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Pole sana, Baba Nukta. Karibu ukae. Tumepata habari."

Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mazishi ni kesho saa nane," alisema. "Nukta yuko kwa dada yangu. Hajui kitu. Dada anasema tumwambie na aje mazishini aone mwenyewe. Mimi..." Akaitazama sakafu. "Wewe ndiye uliyesomea watoto, mwalimu. Nimwambie nini?"

Baadaye Profesa alikumbuka kwamba hakuchukua hata dakika moja kufikiri. Jibu lilikuja lenyewe, limenyooka, kama alivyozoea kuwajibu wale wa viatu na mwezi.

"Mtoto wa miaka mitano bado hajaelewa kifo ni nini," alisema. "Kwake yeye aliyekufa ni kama aliyelala au aliyeenda mahali, anaweza kurudi. Ukimwambia amekufa, hatakuelewa, utamtisha bure. Na kaburini asiende kabisa. Mwambie mama amesafiri. Akikua kidogo, miaka saba, minane, akili yake itakuwa tayari. Hapo ndipo mtaongea."

"Amesafiri," Baba Nukta alirudia, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Ndiyo. Na kesho mlete shule kama kawaida. Siku yake isivurugike."

Baba Nukta alitaka kusema jambo, akaghairi. Kisha akainuka, akashukuru, akaondoka na shati lake vilevile.

Jumanne Nukta aliletwa na shangazi yake, ambaye hakumtazama Profesa usoni. Siku ile Profesa alikuwa ameandaa zoezi la maji, na hakuona sababu ya kuliahirisha. Aliweka mezani glasi mbili zinazolingana, akazijaza sawasawa, kisha mbele ya macho ya watoto akamimina moja kwenye chupa nyembamba ndefu.

"Haya, maji mengi yako wapi?"

"Kwenye chupa!" walipiga kelele wote, kama ilivyoandikwa kwenye chati. Wote isipokuwa mmoja.

"Yako sawa," Nukta alisema. "Umeyamimina tu. Ni yaleyale."

"Lakini huku yamefika juu sana, huoni?"

"Chupa ni nyembamba, ndiyo maana! Ukiyarudisha yatakuwa vile." Akamcheka mwalimu wake, akacheka mpaka akajishika tumbo, kwamba mtu mzima mzima anaweza kuuliza swali la namna ile. Profesa naye akacheka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano. Aliandika kwenye daftari: *N. anaelewa kwamba kitu kinaweza kubadilika sura kikabaki kilekile. Yuko mbele kabisa ya hatua yake. Ajabu.*

Wiki mbili za kwanza Nukta alimuuliza kila mtu: mama amesafiri kwenda wapi, kwa gari gani, kwa nini hakubeba begi la kijani, atarudi lini. Watu wazima walijibu kila mmoja lake. Shangazi alisema mbali. Baba alisema karibuni. Profesa alisema mama ana kazi nyingi huko. Kisha siku moja maswali yakakatika, pu, kama bomba lililofungwa.

Profesa aliona hilo ni jema. Nukta alitulia. Alipanga foleni bila kusukumwa, aliongea kwa sauti ya chini, alivua viatu na kuviweka pamoja taratibu. Watoto wengine walipopiga kelele aliziba masikio. Wakati wa nyimbo alifungua mdomo bila kutoa sauti. Daftari la wiki zile lilisomeka vizuri: *N. ametulia sana. Anajidhibiti. Amezoea hali mpya.* Mwalimu mkuu aliwahi kuuliza, "Ile redio yako mbona haisikiki siku hizi?" na Profesa akamjibu, kwa fahari kidogo, kwamba mtoto amekomaa.

Miezi mitatu ikapita hivyo.

Ilikuwa siku ya mvua, watoto wote ndani. Profesa alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya rafu ya vitabu, akiunga kwa gundi ya karatasi vitabu vilivyochanika, na kutoka pale alisikia yanayosemwa kwenye kona ya nyumba bila kuonekana. Nukta alikuwa amemlaza mdoli kitandani na kumfunika kitambaa hadi shingoni. Akaja mvulana waliyemwita Mapengo, sufuria kichwani, akiigonga kwa kijiko na kuimba.

"Nyamaza!" Nukta alinong'ona. "Utamuua."

"Ni mdoli."

"Hata mama alikuwa mzima. Nilipiga kelele akaumwa kichwa."

Mapengo alifikiri. "Mama yako si amesafiri? Mwalimu alisema."

"Hajasafiri. Amekufa. Dada wa saluni alisema kwenye simu, nilimsikia. Mimi ndiye nilimuua, alisema nitamuua, na kweli nikamuua." Sauti yake haikuwa na kilio. Ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Baba anajua. Shangazi anajua. Mwalimu anajua. Wanasema amesafiri ili polisi wasije kunichukua. Kwa hiyo na wewe usiseme."

"Sisemi," Mapengo aliahidi, akaitua sufuria chini polepole kwa mikono miwili.

Profesa alibaki na gundi imemnata vidoleni. Alipojikokota hadi kwenye kona na kupiga magoti, Nukta alikuwa tayari amemfunua mdoli.

"Nukta, mwanangu. Ulikuwa unamwambia nini mwenzako?"

"Hakuna, mwalimu. Nilikuwa nacheza tu." Na akatabasamu, tabasamu safi la mtoto mwenye adabu, ambalo Profesa alikuwa ameliandika daftarini mara ngapi sijui.

Watoto walipochukuliwa, alifunga mlango, akatoa kabatini madaftari yake ya chuo. Hakuhitaji kutafuta sana. Ukurasa uleule alioutumia kumshauri Baba Nukta, nusu ya juu: mtoto wa umri huu huona kifo kama usingizi au safari. Na nusu ya chini, kwa mwandiko wake mwenyewe, mistari miwili ya wino mwekundu chini yake: *Huamini kwamba wazo au neno lake linaweza kusababisha jambo. Likitokea baya nyumbani, hudhani ni yeye. Asipoelezwa ukweli kwa maneno rahisi, hujitungia maelezo yake, na mara nyingi yake ni mabaya zaidi.* Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Alilijibu kwa ukurasa mzima na kupata alama zote.

Alijua, basi. Hakuwa na hata kisingizio cha kutojua. Siku ile alichukua ile nusu iliyorahisisha mambo, iliyompa jibu fupi la kumpa mtu aliyekaa kwenye kiti kidogo, nusu nyingine akaiacha kabatini. Akafungua na daftari la uchunguzi, Jumanne ya maji. Mtoto aliyejua kwamba kumimina si kuongeza, ambaye hakudanganyika na kimo cha chupa, ndiye waliyemtarajia adanganyike na begi la kijani lililobaki nyumbani. Alikuwa ameliandika hilo kwa mkono wake, akaandika na "ajabu", na bado hakuliona.

Mvua ilikuwa haijakatika alipofika karakana ya Baba Nukta. Friji tano zilisimama milango wazi. Fundi alikuwa amepiga goti nyuma ya moja, akainuka akijifuta mikono.

"Mwalimu? Nukta amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyefanya."

Akamweleza yote, neno kwa neno, kama alivyosikia. Alipofika kwenye polisi, Baba Nukta alitafuta mahali pa kukaa, hakupaona, akakaa juu ya mtungi wa gesi.

"Miezi mitatu," alisema. "Ndiyo maana akiingia nyumbani anatembea kwa vidole. Nilidhani umemfundisha wewe. Nikasema, yule mwalimu anajua kazi."

"Nisamehe, Baba Nukta."

Alikuwa akivitazama viganja vyake.

"Jumatatu ile nilipokuja kwako nilikuwa nimeshapanga maneno," alisema. "Usiku kucha nilikuwa nayapanga. Mama yako aliumwa, madaktari walijaribu, wakashindwa, hatutamwona tena. Nilikuwa nayo yote hapa." Akagusa koo. "Nilitaka mtu aniambie tu, haya, nenda kaseme. Wewe ukaniambia nisiseme, na mimi nikafurahi. Hilo ndilo linaloniumiza. Nikafurahi."

"Nilipaswa kukuuliza kwanza wewe ulitaka kusema nini."

"Ndiyo," alisema, bila ukali. "Ulipaswa."

Jumamosi walikwenda makaburini watatu, kwa sababu Baba Nukta alisema, "Ulikuwapo mwanzo, uwepo na sasa." Shangazi alikataa kuja kama Profesa yumo. Udongo ulikuwa umeshashuka, majani mafupi yameanza kuota pembeni. Baba alichuchumaa mbele ya mwanawe akayasema maneno yake yaleyale aliyoyapanga, yakitoka moja moja.

Nukta alisikiliza bila kupepesa. "Kwa hiyo siyo kelele?"

"Siyo kelele. Ni mshipa ndani ya kichwa, ulipasuka."

"Ulipasuka wenyewe?"

"Wenyewe."

"Hata kama ningenyamaza?"

"Hata ungenyamaza mwaka mzima, mwanangu. Mama alikuwa anatania tu aliposema vile. Alizipenda kelele zako. Saluni akiwa bila wewe alikuwa anawaigizia wateja unavyoongea."

Ndipo mtoto akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti ile ya zamani iliyokuwa ikisikika hadi getini, baba akamkumbatia, na Profesa akasimama hatua tatu nyuma yao asijue mikono yake aiweke wapi. Kilio kilipopungua, Nukta aligeuza shingo kutoka begani kwa baba.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Nukta."

"Siku mama anazikwa, mimi nilikuwa wapi?"

Profesa aliona Baba Nukta akifumba macho. "Ulikuwa darasani kwangu."

"Tulifanya nini?"

"Tulicheza na maji."

Mtoto alipekua kumbukumbu zake, na ikaonekana usoni pale alipoipata. "Mimi nilicheka," alisema.

"Ulicheka. Hukujua. Hukukosea kitu."

Nukta hakumuuliza tena. Alirudisha uso wake begani kwa baba, upande wa pili.

Jumatatu Profesa alikuwa ameshika kona ya chati tayari kuibandua mwalimu mkuu alipoingia. Alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu Profesa alikuwa amemwambia mwenyewe.

"Iache," mwalimu mkuu alisema, na mara hii hakukuwa na kicheko. "Ukiitoa hiyo utarudi kule kwa kasuku, na watoto wengine ishirini na wawili wamekukosea nini? Waliosomea mambo haya hawakuandika uongo. Wewe ulisoma kwenye ukuta badala ya kumsoma mtoto. Basi. Msome."

Alijaribu. Mzazi akimjia na swali, aliuliza kwanza: yeye mtoto anasemaje? Alianza kukaa sakafuni zaidi na kuandika kidogo. Kelele za Nukta zilirudi polepole, kwanza kwenye bembea, kisha kwenye foleni, kisha akaanza tena kubishana na ukuta. Alirudi kwa wenzake, akarudi kwa mlinzi, hata kwa mwalimu mkuu alikwenda kumwonyesha jino linalotikisika. Kwa Profesa hakurudi. Hakumnunia. Alimwamkia, alimjibu akiulizwa, alimletea kazi yake imalizikapo. Ila zile hadithi ndefu zisizo na mwisho, za paka wa jirani na shangazi anayekoroma, alikuwa akizipeleka kwingine, na zilipopita karibu na Profesa zilipunguza sauti.

Wiki ya mwisho ya mwaka, kabla watoto wakubwa hawajahamia darasa la kwanza, Profesa alimkuta Nukta peke yake kwenye mabomba ya kunawia, akisugua rangi ya bluu viganjani. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Alikuwa amelichelewesha jambo hili kwa majuma, kila siku na sababu yake.

"Nukta, nataka kukuomba samahani. Nilimwambia baba yako asikwambie ukweli. Nilikosea. Ulistahili kuwapo siku ile na mimi nikakuzuia. Samahani."

Nukta alimtazama, maji yakimchuruzika kwenye viwiko.

"Sawa," alisema.

Profesa alilijua neno lile. Miaka yote hiyo alikuwa amewasimamisha watoto wawili wawili baada ya kusukumana, mmoja sema samahani, mwingine sema sawa, haya nendeni mkacheze. Aliwasikia wakilisema mara mia, na kila mara aliridhika, akafuta ugomvi kichwani mwake akaendelea na somo. Hakuwahi kujiuliza kuna nini ndani yake. Sasa alichuchumaa pale akimtazama mtoto usoni, akitafuta, na hakuweza kujua kama amesamehewa, au amejibiwa tu vile alivyowafundisha yeye kujibu.

"Naweza kwenda?" Nukta aliuliza. "Ni zamu yangu kwenye bembea."

"Nenda."

Akakimbia, mikono bado ya bluu. Profesa alifunga bomba, akajishika ukutani kuinuka, kwa kuwa magoti yalikuwa yamekufa ganzi, akaenda kupiga kengele.